Umepewa makadirio ya kodi Tanga na hukubaliani nayo: cha kufanya hatua kwa hatua, na wakili anaingia wapi

Mashauri mengi ya kodi hayapotei mbele ya Bodi ya Rufani za Kodi. Yanapotea mapema zaidi, dukani kwa mfanyabiashara mwenyewe, barua ikiwa imewekwa chini ya kalkuleta kwa ahadi ya "tutaiangalia mwezi ukiisha". Mwezi ukiisha, na haki ya kupinga imekwisha nao.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Tanga mwenye duka, ghala, lori au nyumba za kupangisha, ambaye TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) imemwandikia kiasi cha kodi na yeye anaona hakiko sawa. Nimeacha makusudi kutaja namba za vifungu. Toleo la Urekebu la Sheria la mwaka 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limesogeza baadhi ya namba, na mtu anayenakili kifungu kutoka barua ya zamani ya jirani yake anaweza kutaja kitu kingine kabisa. Sheria zenyewe ni mbili kubwa: Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 (Sura ya 438) na Sheria ya Rufani za Kodi (Sura ya 408).

Kwanza, tarehe

Una siku 30 za kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu, kuanzia siku ulipofikishiwa uamuzi. Hizi si siku za kazi. Jumapili imo, Idd imo, na siku zote ulizokuwa Lushoto msibani zimo.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kufanya, kabla hata ya kushtuka na kiasi, ni kuandika juu ya nakala ya barua: imepokelewa tarehe fulani, na nani, kwa njia gani. Kama ililetwa kwa mkono na kijana wa dukani akasaini kwenye kitabu cha kupokelea, tarehe yake ndiyo tarehe yako, hata kama alikukabidhi wiki moja baadaye. Waambie wasaidizi wako leo: barua yoyote ya serikali inapigwa picha na kutumwa kwako saa ileile.

Siku hizi barua nyingi zinakuja kwa njia ya mtandao, na hapa Tanga tuna tatizo letu. Watu wengi waliombewa TIN (namba ya mlipakodi) steshenari. Baruapepe ilifunguliwa na kijana wa steshenari, nywila anayo yeye, na namba ya simu iliyosajiliwa ni ya laini iliyopotea siku nyingi. Nenda ofisi ya TRA ukarekebishe taarifa hizo, maana kusema "sikuiona" ni utetezi dhaifu ikiwa anwani uliitoa wewe.

Jambo jingine kuhusu tarehe: maneno ya mdomo hayasimamishi siku. Mazungumzo haya mawakili huyasikia mara kwa mara:

"Mwanangu, mimi nimeshaonana na bwana mmoja pale, kasema atalishughulikia."

"Shikamoo mzee. Amekuandikia?"

"Hapana, kasema tu."

"Basi mzee, siku bado zinahesabika."

Huenda afisa alisema kwa nia njema kabisa. Lakini sheria inatambua pingamizi la maandishi lililopokelewa ndani ya muda. Ikiwa una sababu ya kweli ya kuchelewa, kama ugonjwa, kuwa nje ya nchi, au jambo jingine la msingi, sheria inaruhusu kumwomba Kamishna aongeze muda. Omba kabla siku 30 hazijakatika, na uambatishe ushahidi: cheti cha hospitali, muhuri wa pasipoti.

Jua umepewa barua gani

Si kila barua ya TRA ni makadirio. Kuna barua ya kukuarifu kwamba utakaguliwa. Kuna barua ya matokeo ya awali ya ukaguzi, ambayo inakutaka utoe maelezo. Na kuna notisi ya makadirio yenyewe, yenye kiasi, aina ya kodi, mwaka na tarehe ya kulipa. Ya pili unaijibu, ya tatu unaipinga. Usidharau ile ya pili: hoja ikimalizwa kwa maelezo na vielelezo wakati wa ukaguzi, haiwi deni. Ninaona watu wanaisoma kama vitisho na kuiacha, kisha wanatumia mwaka mzima kubishania jambo ambalo lingefutwa kwa ankara mbili.

Ukishathibitisha kwamba ni makadirio, yachambue kwa kalamu: kodi ya mapato kando, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kando, kodi ya zuio (ile unayomkata unayemlipa na kuipeleka TRA) kando, na kama una wafanyakazi, PAYE (kodi ya mishahara) na tozo ya ujuzi kando. Kila moja na mwaka wake. Kisha tenganisha kodi yenyewe, riba na adhabu, kwa sababu njia zake si moja. Mtu anayekubali kodi lakini anaona adhabu imemwelemea haandiki pingamizi la kodi. Anaandika maombi ya kusamehewa riba na adhabu akieleza sababu ya msingi. Anayekubali yote lakini hana fedha kwa mkupuo anaomba kulipa kwa awamu. Hayo maombi mawili wakili si lazima, mhasibu mzuri anatosha.

Fedha zilizoingia benki si zote mauzo

Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo tukae kidogo.

Chanzo kimoja kikubwa cha makadirio ya juu kwa wafanyabiashara wetu ni taarifa ya benki na ya simu. Mkaguzi anachukua jumla ya fedha zilizoingia kwa mwaka, anaondoa mauzo uliyotangaza, na tofauti anaiita mauzo yasiyotangazwa. Kwa upande wake ni mahali halali pa kuanzia, kwani hajui maisha yako. Anayejua ni wewe, na sheria inakutwisha wewe mzigo wa kuthibitisha. Katika rufani za kodi, mlipakodi ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba makadirio yamezidi au yana makosa. TRA haihitaji kuthibitisha kwamba ile milioni ni mauzo. Wewe ndiye unayethibitisha kwamba si mauzo. Mtu aliyezoea kusikia "anayedai ndiye athibitishe" hupata tabu sana kulikubali hili.

Tuchukue mfano. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, Barabara ya 12. Ametangaza mauzo ya shilingi milioni 96. Taarifa za benki zinaonyesha zimeingia milioni 212. Tofauti ni milioni 116, na imewekwa yote kama mauzo. Akikaa na mhasibu wake mstari kwa mstari, wanapata hivi:

Milioni 40 ni mkopo wa benki. Hii ni rahisi: mkataba wa mkopo, ratiba ya marejesho, na ukurasa wa taarifa ya benki unaoonyesha siku fedha zilipoingia.

Milioni 22 ni fedha zake mwenyewe alizohamisha kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Zimehesabiwa mara mbili. Anahitaji taarifa za akaunti zote mbili, na kila uhamisho utiwe alama ya rangi moja upande wa kutoka na upande wa kuingia.

Milioni 18 ni michango ya harusi, yeye akiwa mweka hazina wa kamati. Hapa kazi inaanza. Kadi ya mwaliko peke yake haitoshi. Lete daftari la michango, majina na viwango, muhtasari wa kikao kilichomteua, risiti za ukumbi na wapishi. Kama michango yote ilipokelewa kwa simu ya shemeji na yeye akaiweka benki kwa mkupuo, shemeji aandike kiapo na atoe taarifa ya simu yake.

Milioni 20 ni za wateja wa Pangani na Muheza walioagiza saruji kupitia kwake. Yeye aliwalipia kiwandani na kubaki na ujira kidogo. Hii ndiyo inayogeuka. Ankara za kiwandani zikiwa na majina ya wateja, anaweza kujenga hoja kwamba alikuwa wakala tu, na mapato yake ni ule ujira. Zikiwa na jina la duka lake, basi alinunua na kuuza, na ni mauzo, hata kama faida ilikuwa ya soda. Mdomo hauwezi kubadilisha karatasi.

Zinabaki milioni 16. Hizo, akiwa mkweli, ni mauzo aliyoyasahau au kuyaruka.

Wengi husema, "basi tukubali hizo 16 tupinge zilizobaki". Huo ni uungwana, na mara nyingi ndio ushauri sahihi, kwa sababu pingamizi linalokubali ukweli mdogo huaminika kwenye mambo makubwa. Lakini kabla ya kuandika neno "nakubali", jumlisha: 96 na 16 ni 112. Kama mwaka unaobishaniwa ni 2022, milioni 112 inakutoa kwenye mfumo wa kodi ya makadirio ya wafanyabiashara wadogo (wanaotozwa kwa kiwango cha mauzo, si kwa faida), ambao kikomo chake kilikuwa mauzo ya milioni 100, na pia inakuvusha kima cha kusajiliwa VAT cha wakati huo, ambacho nacho kilikuwa milioni 100. Kwa kukiri milioni 16 umefungua mlango wa VAT ya asilimia 18. Mwaka ukiwa 2024, hoja ya VAT haipo, kwa sababu kuanzia Julai 2023 kima kilipandishwa hadi milioni 200.

Sisemi ufiche. Kutoa maelezo ya uongo kwa TRA ni kosa la jinai, na wakili atakayekushauri hivyo mkimbie. Ninachosema ni kwamba kukiri kuna matokeo ya kisheria, na ni vizuri uyajue kabla, ujiandae nayo: kwa mfano, kukusanya ankara za manunuzi zenye VAT, ili kama utatozwa, kuwe na hoja ya kuomba VAT uliyokwishalipa kwenye manunuzi izingatiwe. Kwangu mimi, hapa ndipo ada ya wakili inapojilipa yenyewe.

Sheria ya mwaka gani?

Mfano huo umeshaonyesha jibu. Kila Juni Waziri wa Fedha anasoma bajeti Dodoma, Bunge linapitisha Sheria ya Fedha, na Julai mosi viwango vinabadilika. Redio zinatangaza viwango vipya, watu wanavishika kichwani, na baadaye wanavitumia kupinga makadirio ya miaka iliyopita. Haiendi hivyo. Mwaka unaobishaniwa unapimwa kwa sheria iliyokuwepo mwaka huo. Tozo ya ujuzi ilikuwa asilimia 4 na ikashuka hadi 3.5 mwezi Julai 2023. Ukikaguliwa mshahara wa Mei 2023, ni asilimia 4.

Muulize wakili wako swali hili moja kwa moja: "Umesoma Sheria ya Fedha ya mwaka husika, au umesoma ya sasa?" Hatachukia. Kazi ya wakili wa kodi, ukiondoa siku za kusimama mbele ya Bodi, ni hiyohiyo ya kufuatilia mwaka kwa mwaka kifungu kipi kimeingia, kipi kimefutwa, na kipi kimebaki na maneno mapya.

Theluthi

Pingamizi halipokelewi bure. Unatakiwa kulipa kiasi cha kodi usichokibishania, au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kipi ni kikubwa. Umekadiriwa milioni 36. Theluthi ni milioni 12. Ukiwa unakubali milioni 5, unalipa 12. Ukiwa unakubali 15, unalipa 15. Lipia kwa kontroli namba na uambatishe risiti kwenye pingamizi.

Anayeshindwa kupata fedha hiyo anaweza kumwomba Kamishna apunguze au aondoe sharti hilo, akieleza kwa nini. "Biashara ngumu" haitoshi. Leta taarifa ya benki ya sasa, madeni, hati ya mkopo, barua ya mteja aliyekukwamisha. Na maombi haya yaende ndani ya zilezile siku 30, pamoja na pingamizi, usisubiri jibu la moja ndipo upeleke jingine.

Pingamizi likishapokelewa na theluthi ikalipwa, kiasi kilichobaki kinasubiri uamuzi. Hii ni kinga muhimu, kwa sababu bila hiyo TRA inaweza kuiandikia benki yako ilipe deni moja kwa moja kutoka akaunti yako. Lakini riba haisubiri: ukishindwa mwisho wa safari, inahesabiwa tangu siku kodi ilipopaswa kulipwa. Ndiyo maana kupinga ili kuvuta muda tu ni hesabu mbaya.

Kuandika pingamizi

Liandike kwa Kiswahili kama ndicho unachokimudu. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini, na hoja iliyoandikwa vizuri kwa lugha unayoielewa inashinda Kiingereza cha kukodi. Tena utaweza kuitetea mwenyewe ukiitwa kikaoni.

Lisiwe ombi la huruma. Barua inayosema "Mheshimiwa Kamishna, hali ya biashara ni ngumu, naomba unifikirie" haina sababu hata moja ya kupinga, na haina kitu ambacho afisa anaweza kukubali hata akitaka. Linganisha na hii:

"Sababu ya pili. Makadirio yamehesabu kama mauzo shilingi 40,000,000 zilizoingia katika akaunti yangu tarehe 14 Machi. Fedha hizo ni mkopo. Mkataba wa mkopo ni kiambatisho B1, ratiba ya marejesho ni B2, na ukurasa wa taarifa ya benki unaoonyesha mkopo ukiingia ni B3. Mkopo si mapato ya biashara. Naomba kiasi hiki kiondolewe katika mauzo yaliyokadiriwa."

Sababu moja, kiasi kimoja, ushahidi wake, ombi lake. Kisha sababu inayofuata. Mwishoni weka jedwali la ukurasa mmoja: kiasi kilichokadiriwa, unachokubali, unachopinga, na kodi sahihi kwa hesabu yako. Afisa anayeshughulikia mafaili mengi atakushukuru kimoyomoyo.

Taja sababu zako zote, pamoja na zile za kisheria, hata kama unaona moja inatosha. Hoja ambayo hukuitaja mbele ya Kamishna utapata tabu kuiingiza mbele ya Bodi. Kwa sababu hiyo pingamizi, ingawa linaonekana ni barua tu, ndiyo hati muhimu kuliko zote, na ni afadhali wakili aisome hii kuliko kumwita baadaye akaokoe rufani.

Wasilisha, pata uthibitisho wa kupokelewa wenye tarehe, tunza nakala mahali ambapo si dukani. Kumbukumbu za biashara kwa ujumla zinatakiwa zitunzwe miaka mitano. Zenye mgogoro zitunze mpaka mgogoro uishe kabisa.

Mhasibu, mshauri wa kodi, au wakili?

Mgogoro ukiwa wa hesabu, kama ule wa uhamisho uliohesabiwa mara mbili, mhasibu aongoze na wakili asome. Ukiwa wa tafsiri, kama vile wewe ni wakala au muuzaji, au ulipaswa kusajiliwa VAT lini, wakili aongoze na mhasibu ampe namba. Mtu mmoja anayesema anaweza yote mawili peke yake, muulize maswali zaidi.

Kuhakikisha kwamba ni wakili kweli ni rahisi. Kuhitimu sheria hakumfanyi mtu wakili; lazima awe ameapishwa, na awe na leseni hai ya mwaka huo. Mahakama ina mfumo wa mtandaoni unaoitwa e-Wakili, unamtafuta kwa jina au namba yake na kuona kama anaruhusiwa kufanya kazi. Vishoka wanaozurura karibu na mahakama na steshenari wana mihuri mizuri kuliko mawakili wenyewe, kwa hiyo muhuri usikuridhishe.

Kuna sababu nyingine ya kutofautisha. Mazungumzo yako na wakili kuhusu shauri lako yanalindwa na Sheria ya Ushahidi; hawezi kulazimishwa kuyatoa. Unayomwambia mhasibu hayana kinga hiyo. Lakini usielewe vibaya: vitabu vya biashara haviwi siri kwa kuvipeleka ofisini kwa wakili. TRA ikiviomba, vinatoka.

Ada mkubaliane kwa maandishi, hatua kwa hatua: kiasi gani kwa pingamizi, kiasi gani likifika Bodi, nani analipa nauli na malazi ya Dar es Salaam. Dai risiti ya EFD. Kama wewe ni kampuni, kata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye ada yake na uiwasilishe. Ni aibu kugombana na TRA kuhusu kodi ya zuio huku unazalisha deni jingine lilelile kwa kumlipa wakili wako.

Siku ya kwanza mpelekee barua yenyewe na bahasha yake au baruapepe, ritani (taarifa za kodi ulizowasilisha TRA) za mwaka husika, taarifa za benki na simu, na daftari la mauzo hata kama ni kaunta buku lenye mafuta ya taa. Usilinakili upya liwe safi. Daftari chafu la wakati ule lina thamani kuliko jipya lililoandikwa jana kwa kalamu moja.

Baada ya kupeleka

Kamishna anaweza kukubali na kurekebisha makadirio, au akakuandikia mapendekezo yake na sababu, ukatakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Hii ya pili ni nafasi ya mazungumzo, na migogoro inayomalizika vizuri mara nyingi humalizika hapa. Nenda kikaoni na mhasibu, uwe na jedwali lako, na kila mlichokubaliana kiandikwe. Usipojibu, Kamishna anaendelea na uamuzi bila wewe.

Asipoamua ndani ya miezi sita? Wengi hudhani kimya ni kheri. Kwa kodi za ndani, kimya hicho kinahesabika kwamba makadirio yamethibitishwa, na haki yako inayobaki ni kukata rufani. Weka alama ya miezi sita kwenye simu siku pingamizi linapopokelewa.

Rufani inakwenda Bodi ya Rufani za Kodi. Usipeleke mgogoro wa kodi mahakama ya kawaida, hata Mahakama Kuu pale Tanga. Bodi ndiyo yenye mamlaka ya kuanza kuusikiliza. Makao yake ni Dar es Salaam, ila husafiri kusikiliza mashauri mikoani. Muda wake una mtego: taarifa ya kusudio la kukata rufani ni ndani ya siku 30, na rufani yenyewe ndani ya siku 45, na zote mbili zinahesabiwa tangu ulipopewa uamuzi. Si 30 kisha 45. Ukishapeleka taarifa siku ya 30, umebakiwa na siku 15 tu.

Ukishindwa Bodi, kuna Baraza la Rufani za Kodi, taarifa ndani ya siku 15 na rufani ndani ya siku 30. Kutoka hapo ni Mahakama ya Rufani, na huko wanasikiliza hoja za kisheria peke yake. Milioni 18 za harusi zimeshaamuliwa, hakuna atakayezihesabu tena. Njiani kote huko bado mnaweza kukubaliana na TRA na kuandikisha makubaliano.

Kama tatizo si kiasi cha kodi bali ni jinsi ulivyohudumiwa, faili limekaa, barua hazijibiwi, utaratibu umekiukwa, kuna ofisi ya Msuluhishi wa Malalamiko ya Kodi iliyowekwa na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019. Huko hupeleki ubishi wa makadirio, na kwenda huko hakusimamishi siku zako 30.

Mzigo wa Horohoro na bandarini ni sheria nyingine

Nimeliacha mwisho kwa sababu linawahusu wachache, lakini kwa Tanga wachache hao si haba. Ukigombana na Forodha kuhusu thamani ya mzigo uliopita Horohoro au bandari ya Tanga, sheria inayotumika ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004, siyo ile ya Usimamizi wa Kodi. Unaomba mapitio kwa Kamishna wa Forodha ndani ya siku 30 tangu uamuzi, ukieleza sababu. Yeye naye ana siku 30 za kukujibu, na hapa kimya kina maana tofauti kabisa: asipojibu ndani ya muda huo, maombi yako yanahesabika yamekubaliwa. Akijibu na hukuridhika, una siku 45 za kukata rufani.

Kwa hiyo wakala wako wa forodha akikwambia "tumeshaongea nao, tusubiri", mwombe nakala ya maombi ya maandishi yenye tarehe ya kupokelewa. Bila nakala hiyo hakuna siku 30 za kuhesabu, si zako wala za Kamishna.